Kiswahili cha Fundi Zahor

Ukitaka kumjua Fundi Zahor, nenda Satwa, kule Dubai, ukamwambie pasi yako ni mbovu, lakini useme vibaya. Sema, "Pasi yangu iko na shida." Hatakuuliza shida gani. Ataiweka pasi juu ya kaunta, akuangalie kama mtu aliyeingia na uchafu kwenye kiatu, kisha aseme, "Pasi haiko na shida. Pasi ina shida. Haya, sema tena." Na wewe, mtu mzima mwenye watoto kwenu, utasimama ndani ya kiduka kile kinachonuka waya zilizoungua na utasema tena, kwa sababu fundi mwingine mwenye mkono kama wake mtaa ule hakuna.

Mimi alinivumilia kidogo kwa kuwa ni mtu wa pwani. Jina langu Mishi, kwetu Likoni, na mwaka ule wa 2001 nilikuwa mpishi katika nyumba moja kubwa ya Jumeirah, si mbali na kiduka chake. Lakini hata mimi hakuniacha salama. Nikisema leso, yeye atasema kanga. Nikisema bibi nikimaanisha mke wa mtu, yeye atauliza huyo bibi ni mzaa mama au mzaa baba. Nikimwita Ami Zahor kwa heshima, ataitika kwa heshima, halafu sentensi ya pili ataikatakata kama kitunguu. Nilimchukia kwa moyo mkunjufu, wala simsingizii.

Alizaliwa Unguja mjini, akaja Dubai akiwa kijana, wakati mji wenyewe ulikuwa mchanga mwingi na taa chache. Umeme alifundishwa Bur Dubai na Mbaluchi mmoja ambaye kila kosa alilijibu kwa kofi, na nadhani ndipo alipojifunza na ualimu wake. Nusu ya nyumba za zamani za Jumeirah ni yeye aliyezitandikia waya. Alioa huku, akazaa huku, mkewe akafia huku. Watoto wake wote wanaongea Kiarabu na Kiingereza. Ghania, bintiye mkubwa, aliniambia mwenyewe bila haya: baba akianza Kiswahili kwenye simu, yeye humjibu kwa Kiarabu, kwa sababu hana wakati wa kutafuta maneno. Mtu mwingine angemwonea huruma mzee huyo. Mimi niliona tu kwamba aliyeshindwa kuwafundisha watoto wake ameamua kutufundisha sisi.

Mwenzangu wa kazi katika nyumba ile aliitwa Phyllis. Ni mtu wa Kisii, mkubwa wa mwili na mwepesi wa mdomo. Yeye alisafisha nyumba, akafua, akapiga pasi. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Lenny, aliyekuwa sekondari huko kwao na kulelewa na nyanya yake, na kila alichofanya Dubai alikifanya ili Lenny asitolewe shule. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, chenye Kiingereza ndani, na kilitutosha. Sijawahi kushindwa kumwelewa Phyllis.

Basi Ramadhani ya mwaka ule iliangukia majira ya baridi. Wageni huicheka baridi ya Dubai, lakini ikishaingia kwenye nyumba ya marumaru hukaa humo kama mpangaji. Maji ya moto ya nyumba nzima yalitoka kwenye boila moja kubwa iliyowekwa kibandani nyuma ya jikoni. Kando ya boila palikuwa na pampu ndogo iliyoyazungusha maji yale kwenye mabomba mpaka vyumba vya juu na kuyarudisha, ili mtu akifungua bomba ayapate papo hapo. Pampu hiyo ikaharibika. Madam akafungua bomba la bafuni kwake akangoja, akangoja tena, na maji yaliyotoka yalikuwa baridi ya kukata vidole. Akashuka ngazi na hasira zake akatukuta sisi, kana kwamba sisi ndio tuliozinywa zile nyuzi joto. Arbab, ndivyo tulivyomwita bwana mwenye nyumba, mumewe Madam, akasema aitwe Zahor.

Zahor akaja asubuhi, pampu mpya ikiwa ndani ya boksi chini ya kwapa. Aliyemfungulia geti ni Phyllis.

"Karibu mzee. Stima iko sawa, ni pampu tu imekufa."

Zahor akauweka mkoba wake chini. "Stima ni meli ya moshi. Meli iko wapi hapa?"

"Nasema umeme, basi."

"Na pampu haifi. Hufa chenye roho."

Phyllis akamtazama kutoka kofia mpaka kandambili. "Kwani mzee, wewe ulizaliwa ama ulichapishwa?"

Mimi nilikuwa dirishani jikoni na nikacheka kwa sauti. Nisingecheka pengine yangekuwa mengine, lakini lilikuwa neno zuri na lilimpata pale pale. Zahor alinisikia. Akaenda kibandani, na kuanzia hapo hewa ya nyumba ile ikawa chungu.

Saa ya kupanda jua, Phyllis akapita uani na kapu la nguo. Akamwona Zahor kwenye mfereji, maji yamejaa mdomoni. Mzee alikuwa akisukutua kwa ajili ya udhu, maana alikuwa mtu wa kusali dhuha, sala ya hiari ya asubuhi, na maji yale aliyatema yote. Phyllis si Mwislamu. Aliona maji yakiingia mdomoni, hakungoja kuona yakitoka. Akawaza kwamba huyu ni mzee, labda ana sukari, labda dawa zake hazimruhusu, na anaona haya kula mbele za watu. Kwao, mtu aliyekuja kukufanyia kazi haachwi koo kavu, hata kama amekutukana langoni. Akapika chai ya maziwa, akaifunika kwa kisahani ili arbab asiione, akampelekea kibandani.

"Mzee, kunywa haraka, hakuna mtu anaona," akamwambia kwa sauti ya chini. "Nilikuona hapo kwa mfereji. Najua hufungi. Hiyo si kitu, mtu ni afya."

Haya ninayasema kama Phyllis alivyoniambia, na kama Zahor alivyoniambia pia, kwa kuwa wote wawili walikuja jikoni mmoja baada ya mwingine kunimwagia ya moyoni. Phyllis alikuja na kikombe kitupu, mkono umelowa chai. Zahor alikuwa amekimwaga chote kwenye mtaro.

"Ati nimemtukana," akasema Phyllis. "Mimi nimempea chai tu."

Halafu Zahor akaja akasimama mlangoni, mweupe kwa hasira. "Mishi, mwambie huyo mwenzio. Mie nafunga tangu sijaota ndevu. Nimefunga safarini, nimefunga na homa, nimefunga juu ya mapaa ya nyumba hizi jua la Agosti. Leo mtu asiyejua hata nguzo tano anakuja kuniambia mie sifungi?"

Nikamwambia, "Ami, hakukusudia ubaya. Aliona maji."

"Aliona maji," akarudia, kwa namna ya mtu anayerudia ushahidi wa mwendawazimu. Akageuka akaenda zake.

Sikumfuata kumtuliza. Nilikuwa na unga wa sambusa mikononi, na kusema kweli niliona ni vizuri mara moja na yeye achomwe.

Sasa, juu ya kazi yenyewe. Ile pampu ya zamani ilishatolewa. Zahor alikuwa amezifunga koki mbili za bomba, akaitoa, akaiweka mpya mahali pake na kukaza nati zake. Kilichobaki ni waya. Waya zilikuwa tatu kama kawaida: wa moto, wa kurudisha, na ule wa kijani na manjano wa ardhini. Lakini pampu mpya ilikuja na kisanduku kidogo ubavuni ambamo waya huingizwa na kubanwa kwa skrubu, kisanduku chenyewe kikaelekea ukutani, kwa hiyo ilimpasa mtu apande juu ya kistuli, apenyeze mkono nyuma ya bomba, afanye kazi kwa kupapasa. Kazi ya namna hiyo haifanywi umeme ukiwepo.

Kwa miaka yote Zahor alikuwa na namna yake moja ya kujilinda. Hakumwamini mtu. Alikuwa akienda kwenye boksi la umeme, anang'oa fyuzi, anaitia mfukoni mwa shati, anafanya kazi nayo ikimgonga kifuani, na hakuna mtu duniani angeweza kuwasha kitu wakati fyuzi iko mfukoni mwa Zahor. Lakini mwaka uliotangulia arbab alikuwa amewaita watu wengine wakabadilisha boksi lote, wakatia zile swichi mpya zisizo na fyuzi. Swichi hainyofoki. Zahor aliichukia swichi ile na walioileta. Angeweza kuibandika tepu na kuweka karatasi, na fundi mwingine angefanya hivyo. Yeye alimtaka mtu asimame pale ailinde, na arbab kabla ya kutoka alikuwa ameshasema kwamba Phyllis ndiye atakayemsaidia fundi.

Kwa hiyo watu wawili waliokuwa hawataki kuonana ikabidi wafanye kazi ya kuaminiana. Boksi lilikuwa kwenye ukumbi mwembamba karibu na stoo, na kutoka pale mpaka kibandani watu hawaonani. Husikilizana tu kupitia kidirisha cha juu.

Zahor akaizima swichi mwenyewe, akamwelekeza Phyllis asimame wapi. Mimi nilikuwa hatua chache tu, mlango wa jikoni wazi, nikisikia kila neno.

"Sawa," akasema Phyllis. "Ukimaliza kukonekti, nawasha."

"Kufanya nini?"

"Kukonekti waya."

"Hakuna Kiswahili hicho. Waya unafungwa. Pampu inafungwa. Fundi anafunga. Sema, ukishafunga nitawasha."

Phyllis akavuta pumzi. Nilimsikia akiivuta. Halafu, kwa sababu amechoka na kwa sababu alitaka siku iishe, akasema kama mtoto wa darasa la kwanza, "Ukishafunga nitawasha."

"Ehe. Umeona si kazi."

Akaenda kibandani. Phyllis akabaki amesimama mbele ya swichi mikono nyuma.

Alisimama kwa muda mrefu. Madam akaita kutoka juu mara ya kwanza akiuliza maji, kisha mara ya pili akiuliza nguo, kisha akaita tena bila kusema anataka nini, na wenye kufanya kazi za nyumbani wanajua kwamba mwito huo wa tatu ndio mbaya. Phyllis hakuweza kwenda na hakuweza kukaa. Akainua uso kwenye kidirisha akapaza sauti, na akachagua neno kwa uangalifu, lile alilofundishwa, ili asipewe somo jingine.

"Mzee, umefunga?"

Kule kibandani Zahor alikuwa juu ya kistuli, mkono wa kushoto umeshika bomba, mkono wa kulia nyuma ya pampu, waya wa moto katikati ya vidole. Na alichokisikia yeye ni mwanamke yule yule wa chai, anayemuuliza tena, sasa kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, kama kweli amefunga.

"Nimefunga!" akanguruma. "Nimefunga, kwani we mwanamke una..."

Swichi ikalia ta. Kibandani ukasikika mshindo, halafu kistuli kikibingirika, halafu hakuna kitu.

Phyllis aliizima ile swichi kabla mimi sijaufikia mlango. Tulimkuta Zahor chini kwenye sementi, kofia imeruka, mkono wa kulia umekunjika pahali ambapo mkono haukunjiki, na vidole viwili vimeungua vikawa vyeusi nchani. Alikuwa anapumua. Macho yake yalikuwa wazi na yalimwangalia Phyllis. Sijui ni maumivu au ni hasira, pengine kwake vilikuwa kitu kimoja.

Dereva akampeleka hospitali. Jioni ile tulipobaki wenyewe jikoni, Phyllis akawa anaviosha tena vikombe vilivyokwisha oshwa.

"Mishi, alisema amefunga. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Kufunga si ndiyo kukonekti? Si yeye mwenyewe alinifunza?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikamweleza: Phyllis, wewe uliuliza waya, yeye alijibu saumu. Aliyajua maneno yote mawili, asubuhi ile ile alikuwa amemwambia "najua hufungi", lakini hayakuwahi kukutana kichwani mwake. Ni kama chumvi na sukari, unavijua vyote viwili mpaka siku umetia kimoja kwenye chungu cha mwenzake.

Hospitali wakataka kujua mtu ameungua vipi, na wakishataka kujua hospitali hutaka kujua polisi. Arbab alikuwa mtu wa haki kwa kiasi, lakini alikuwa pia mwenye nyumba na kafeel wetu, mdhamini wa viza zetu, na mtu ameumia ndani ya ukuta wake. Akauliza aliyewasha ni nani. Zahor, kitandani, akamwambia kwa Kiarabu kwamba yule mwanamke wa Kikenya aliwasha bila kuambiwa. Basi. Maneno hayo yakifika polisi, Phyllis ni jela kwa uzembe, halafu ndege, na mlango wa nchi unafungwa nyuma yake. Pasipoti yake ilikuwa kwenye saraka ya arbab. Lenny angetoka shule kabla ya muhula kwisha. Phyllis aliyajua hayo yote, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanyamaza.

Nikaenda kwa arbab nikamwambia kuna maneno hayajasemwa. Akasema nitayasema mbele ya Zahor mwenyewe, akitoka hospitali, kabla yeye arbab hajaenda kituo cha polisi.

Tukakutana kwenye majlis, sebule ya wageni. Arbab kakaa mahali pake. Zahor pembeni, mkono umetiwa plasta na kuning'inizwa shingoni, ndevu hazijachanwa. Mimi na Phyllis tumesimama. Mazungumzo yote yalikuwa Kiarabu, kwa hiyo Phyllis hakuelewa neno. Alikuwa akimtazama anayesema mdomoni, kisha anayefuata mdomoni.

Zahor akarudia maneno yake: aliwasha bila kuambiwa. Na akaongeza, "Hawa Kiswahili chao ni kibovu, arbab. Hawajui wanalosema wala wanaloambiwa."

Arbab akanigeukia. Nikamweleza kwa Kiarabu changu cha jikoni. Phyllis alimuuliza fundi kama ameshaunganisha waya. Yeye akajibu kwamba ana saumu. Ni kwa sababu neno ni moja.

Na hapo nikaona jinsi ninavyozama. Kwa Kiarabu saumu ni neno lake na kuunganisha ni neno lake, na hayo mawili hayajawahi hata kulala nyumba moja. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika mwongo zaidi.

"Mishi," akasema arbab, "mimi si mtoto. Mtu amuulize mwenzake, umeunganisha waya, naye ajibu, nimefunga saumu? Nyinyi wawili mmetoka nchi moja na mmekaa jikoni mkatunga."

"Wallahi, arbab."

"Usiape Ramadhani kwa ajili ya swichi." Akamgeukia Zahor. "Wewe ndiye mwenye lugha hii. Kila siku unaniambia hawa wanaiharibu. Haya, niambie. Ni kweli? Ni neno moja?"

Kusema hapana kulihitaji pumzi moja tu. Nani angembishia? Mimi mpishi, Phyllis hajui hata anaulizwa nini, na arbab hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. Mkono ulikuwa umeharibika, ule mkono ambao Satwa nzima iliutegemea, na aliyeuharibu amesimama mbele yake hana wakili. Nilimtazama nikaliona lile hapana likimjia mdomoni. Nililiona kabisa. Alifungua mdomo, akaufumba, akaangalia zulia. Nikamwomba Mungu amvunje na mkono wa pili.

"Ni neno moja," akasema.

Arbab akakunja uso. "Moja kabisa?"

"Moja kabisa." Na mara, kama mtu aliyeguswa mahali asipoweza kujizuia, akanyanyuka kwenye mto aliouegemea. "Mlango hufungwa. Mzigo hufungwa kwa kamba. Mwizi hufungwa jela, na yule mfungwa ametoka humo humo. Ndoa hufungwa. Bao hufungwa kwenye mpira. Mtu hufunga safari, hufunga kilemba, hufunga duka. Fundi hufunga waya. Na Ramadhani mtu hufunga, kwa sababu kinywa kimefungwa. Ni neno moja, arbab, limefanya kazi zote hizo na halijachoka. Kiarabu chenu hakina neno kama hilo."

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa anaeleza kama mtu anayemtembeza mgeni ndani ya nyumba ya babu yake, chumba baada ya chumba, na kwa muda ule mdogo alikuwa amesahau kwa nini tuko pale. Arbab hakusahau.

"Vizuri," akasema. "Basi yeye alikuuliza lipi kati ya hayo?"

Zahor akarudi kwenye mto polepole.

"Waya," akasema.

"Nawe ulijibu lipi?"

"Saumu."

Nikaona ndiyo nafasi yangu, nikasema, "Arbab, Phyllis alikuwa na neno lake, kukonekti. Fundi alimkataza. Akamwambia aseme kufunga." Arbab akamtazama Zahor, na Zahor akatikisa kichwa mara moja, kwamba ndiyo.

Arbab akazungusha tasbihi. Kisha akasema polisi wataambiwa ni ajali, kwa kuwa ni ajali. Phyllis arudi kazini kwake. Hospitali iko juu yake yeye arbab. Na Zahor asirudi tena kufanya kazi nyumba ile, kwa sababu fundi anayegombana na mtu anayemshikia swichi atakuja kufa humo siku moja, na yeye hataki maiti. "Khalas," akasema, akainuka akaenda kusali.

Nyumba ile Zahor aliifanyia kazi tangu ilipokuwa msingi tu. Alikaa pale kwenye mto kidogo, halafu akajizoa.

Phyllis nilimweleza ukumbini, kwa haraka, jinsi ilivyokuwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta uso kwa upindo wa aproni, akaenda stoo akautoa mkoba wa fundi ambao ulikuwa umekaa humo tangu siku ile. Tukamkuta Zahor uani akielekea getini.

"Mzee," akasema Phyllis. "Asante. Mungu akubariki. Nimesikia vile umesema."

Zahor akasimama. Alimtazama kwa chuki ile ile ya sakafuni kibandani, haijapungua hata chembe.

"Usinishukuru," akasema. "Mkono huu hautashika tena bisibisi, daktari kashanambia. Ningepata njia ya kukurudisha kwenu bila kukisingizia Kiswahili, ningeishika leo leo."

"Najua, mzee," akasema Phyllis.

Na mimi nilijua. Mpaka leo watu wa Satwa wakinisimulia kwamba Fundi Zahor alimwokoa mwanamke wa Kikenya kwa imani ya Ramadhani, huwaacha wasimulie, lakini nilikuwepo na niliona uso wake. Hakumtetea Phyllis, alimwacha tu aende. Neno ndilo alilolikingia kifua.

Akanyoosha mkono wa kushoto kuuchukua mkoba, ukamshinda, maana ulikuwa mzito na alikuwa bado dhaifu. Phyllis akamtundikia begani, upande usio na plasta, akamfungulia geti, naye akatoka kwenda kutafuta teksi.